Siku ya Kuhesabiwa

Tulifika bandarini saa kumi na mbili na robo asubuhi. Lango lilikuwa limefungwa, taa za barabarani zinawaka bado, na meli yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inafungwa kamba gatini. Mlinzi alitutazama kwa huruma kidogo, akatazama masanduku yetu, kisha akarudi kwenye kikombe chake. Mama akakalia sanduku lake, akakunja mikono. "Si unaona," akaniambia, "tumewahi."

Kosa lilianzia kwenye karatasi. Kampuni nyingi za meli za kitalii siku hizi humpangia kila abiria saa yake ya kufika, na karatasi yetu ilisema 11:00. Mimi nilisoma saa tano asubuhi. Mama alisoma alichokiona: kumi na moja. Na safari ya saa kumi na moja, kwa mtu aliyelelewa na saa za Kiswahili na kuzoea safari za alfajiri, haihitaji mkalimani. Nilimweleza mara tatu usiku ule. Mara ya tatu alinijibu kwamba hata yeye shule alikwenda. Saa tisa usiku nikasikia maji yanamwagika bafuni, na mama akishavaa viatu mjadala huwa umekwisha. Nilichofaulu ni kumchelewesha kwa saa moja.

Kwa hiyo nilipata bahati ambayo abiria wengi hawaipati wala hawaitamani: kuiona siku ya kupanda meli tangu ilipoanza. Nimeshapanda mara tatu sasa, na zile mara mbili nyingine nilifika katika saa yangu, nikapita kama uzi kwenye sindano, sikuona kitu. Siku ile na mama niliona jambo ambalo tangu hapo siwezi kuacha kuliona. Bandari siku ya kupanda ni mahali pa kuhesabu watu. Mengine yote, tabasamu, kinywaji cha kukaribishia, mpiga picha anayekuomba usimame karibu na boya la plastiki, ni mapambo tu juu ya hesabu.

Hesabu inaanza kwa kushuka. Meli inayofunga kamba alfajiri imejaa watu wa safari iliyopita, na wale lazima watoke wote kabla ninyi hamjaingia. Kuanzia kama saa moja walianza kumiminika, wameungua na jua, wamebeba kofia zisizoingia kwenye mabegi, wengi wamenuna kama watoto waliotolewa kwenye maji. Upande wa pili wa meli, ambao abiria haoneshwi, milango ilikuwa wazi karibu na usawa wa maji na mashine za kunyanyulia mizigo zinaingia na kutoka bila kupumzika: maboksi ya vyakula, marundo ya mashuka, taka za juma zima zinashushwa. Chombo cha mafuta kilijibandika ubavuni. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hapa vilikuwa vinaundwa upya ndani ya saa kumi hivi, maana jioni ileile meli inaondoka tena.

Zidisha hayo kwa ukubwa. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024 kutoka Miami, inaweza kuchukua hadi abiria 7,600, na wafanyakazi wake ni kama 2,350. Yaani mji mdogo unahama nyumba na mji mwingine unahamia, mchana mmoja, kupitia milango miwili au mitatu. Yetu ilikuwa ya watu elfu mbili na ushee tu, na bado ilionekana kama jengo lililopotea njia.

Sasa, kati ya mji unaotoka na mji unaoingia kuna namba moja ambayo lazima ifikiwe: sifuri. Kila aliyepanda safari iliyopita alisomewa kadi yake mlangoni, na kila anayeshuka anasomewa tena. Mashine inapunguza mmoja, mmoja, mmoja. Katika bandari nyingi, hata wale waliolipia safari mbili mfululizo, ambao masanduku yao yamebaki chumbani, hutolewa nje au hukusanywa mahali pamoja wahesabiwe, ndipo waandikwe upya. Saa nne na nusu, wakati foleni yetu imeshazunguka jengo, mhudumu alitoka na kipaza sauti akasema tusubiri kidogo, meli haijafika sifuri. Mtu mmoja alikuwa hajashuka. Mmoja! Mama aliposikia alicheka hadi akajifuta macho. "Amelala huyo," alisema, na nadhani alikuwa sahihi, kwa sababu dakika kumi na tano baadaye alitoka mzee mmoja mbiombio, shati limefungwa vifungo vya juu kwenye matundu ya chini, na foleni nzima ikampigia makofi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini saa yako ya kufika si pendekezo. Nilikuwa nikiamini, kama watu wengi, kwamba kuwahi ni heshima na tena ni kujihami. Lakini ile foleni iliyozunguka jengo ilikuwa ni sisi tuliowahi. Aliyepangiwa saa saba aliyekuja saa saba aliingia akapita. Sisi wa alfajiri tulitengeneza msongamano kwa mikono yetu kisha tukaulalamikia. Hii nasema nikijua kwamba mama atasoma.

Kuwahi kwenye mji, hata hivyo, ni habari nyingine. Ukiniuliza ushauri mmoja tu nitakuambia ulale karibu na bandari usiku wa kuamkia safari, wala usipande ndege asubuhi ya siku hiyohiyo. Na kabla ya hapo, soma bandari yako iko wapi hasa. Vipeperushi vina tabia ya kuuza meli kwa jina la mji mkubwa. "Roma" ni Civitavecchia, zaidi ya saa moja kwa gari. "Paris" ni Le Havre, karibu kilomita 200. "Berlin" ni Warnemünde, mwendo wa takribani saa tatu. "London" mara nyingi ni Southampton, na ukishafika Southampton kazi haijaisha, maana kuna majengo matano ya abiria, la karibuni kabisa likiwa lile la Horizon lililofunguliwa 2021, na hayako mlango kwa mlango. Mimi bandari ya siku ile siitaji kwa jina, kwa sababu dereva wetu wa teksi alitushusha kwanza kwenye jengo la meli nyingine kabisa, akaondoka kabla sijafumbua mdomo, na sitaki lawama zimwangukie asiyehusika. Jina la jengo limeandikwa kwenye karatasi yako ya kupandia. Mwoneshe dereva. Usimtajie jina la meli, mwoneshe jina la jengo.

Nirudi kwenye masanduku, maana hapo ndipo aibu yenyewe ilipo.

Utaratibu ni kwamba unafunga kwenye kila sanduku lebo yenye jina lako na namba ya chumba, na nje ya jengo makuli wanalichukua. Hulioni tena mpaka jioni. Linapita kwenye mashine ya eksirei, linapakiwa kwenye kitoroli kikubwa cha chuma pamoja na mengine hamsini, linaingia tumboni mwa meli, na wafanyakazi wanalipandisha mpaka mlangoni pako. Wanaojua hubaki na begi dogo la mkononi lenye kila wasichoweza kukosa kwa saa kumi: pasipoti, dawa, chaja, miwani, na nguo za kubadilisha.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimemwambia mama, "Usisahau pasi." Akaitikia. Asubuhi nikamuuliza tena, "Pasi umeweka?" Akasema ameweka. Tukampa kuli sanduku, akalitupia kwenye kitoroli, kitoroli kikajaa, kikavutwa kikaenda zake. Ndipo nikamwambia, "Haya mama, toa pasi tuishike mkononi."

"Si iko kwenye sanduku."

Nilihisi baridi kwenye magoti. Kuacha hati ya kusafiria ndani ya sanduku lililokwishachukuliwa ni kosa la kawaida kuliko unavyodhani, na dawa yake ni mbaya: lazima sanduku litafutwe kati ya maelfu, na wakati huo wewe hupandi. Nilikimbia nyuma ya kitoroli. Mlinzi akanizuia. Nikamweleza, akaita kwenye redio, redio ikajibu kwa sauti ya mtu aliyechoka. Nikarudi kwa mama natokwa jasho nikamuuliza, kwa sauti ambayo nimeshaiombea radhi, ilikuwaje akaweka pasi kwenye sanduku wakati nilimwambia.

"Wewe umesema nisisahau pasi. Nimeweka pasi. Sasa pasi nzito vile ungetaka niibebe mkononi?"

Kimya kikapita. Nikamuuliza taratibu: pasi gani, mama?

"Ya kupigia nguo."

Akafungua mkoba wake, akatoa kijitabu kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya bahasha, ndani ya leso. "Hii inaitwa pasipoti," alisema. "Jifunze kutamka neno lote."

Nilimkumbatia pale pale mbele ya walinzi. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba ilinichukua nusu saa kukumbuka kuwa pasi ya umeme nayo ni tatizo. Meli karibu zote zinakataza pasi, birika za umeme, mishumaa, na aina kadhaa za waya za kurefushia umeme. Sababu ni moja: moto. Moto ukitokea nchi kavu, wewe unatoka nje ya nyumba ukaita wazimamoto. Baharini nje ni maji na wazimamoto ni wale waliokuletea chai. Sanduku la mama lilikuwa tayari linaelekea kwenye eksirei, na hapakuwa na la kufanya.

Kaunta ya hati ilikwenda upesi, lakini nisiipite bila kusema jambo kwa sisi ambao pasipoti zetu huombewa viza. Afisa wa kampuni ya meli anatazama njia nzima ya safari kuliko anavyotazama bandari ya leo. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele yake, hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba meli ikianzia ndani ya nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, ikatoka kwenda nchi isiyomo, kisha ikarudi, umetoka na kuingia tena, na viza ya kuingia mara moja haitoshi. Mbele yetu palikuwa na kijana na mkewe waliokwama hapo hapo. Viza safi, tarehe sawa, tatizo ni namba moja kwenye safu ya idadi ya kuingia. Waliondolewa kando, wakakalishwa kwenye viti viwili vya bluu, na tulipopita walikuwa wanapiga simu. Sijui ziliishia wapi.

Sisi tukaulizwa maswali ya afya. Je, siku za karibuni umetapika, umeharisha? Wanachokiogopa ni norovirusi, ugonjwa wa tumbo unaosambaa upesi mahali ambapo watu elfu mbili wanashika reli ileile na kijiko kilekile. Mama ni mtu mkweli. Alianza kueleza tumbo lililomshika mwaka juzi, na ilibidi nimfinye kiwiko. Tukapigwa picha, sura kwa sura, ili kamera ya mlangoni itutambue kila tukitoka na kuingia. Waliotusindikiza walikuwa wameishia nje. Tangu kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari zilipoanza kutumika Julai 2004, mtu asiye na jina kwenye orodha haingii hata ukumbini. Zile picha za zamani za watu waliojaa gatini wakipunga leso zimebaki picha.

Ukumbini ukapewa namba ya kundi na kiti kigumu. Hapo hapana la kusimulia.

Halafu daraja. Ni ushoroba tu wenye vioo na mteremko unaokupandisha taratibu, na kwenye mwisho wake kuna mtu mwenye mashine ndogo. Unapitisha kadi, mashine inalia tii, sura yako inatokea kwenye kioo chake, anasema karibu. Mama alisimama akaiangalia ile sura yake. "Wamenihesabu," alisema. Nikamwambia ndiyo, sasa wewe ni namba mia tatu na kitu. Akauliza, "Na nikishuka kesho wananitoa?" Nikamwambia ndiyo, na ukirudi wanakurudisha. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeoneshwa duka lenye daftari safi.

Kosa la karibu kila anayeingia mara ya kwanza ni kukimbilia chakula. Vyumba huwa havijawa tayari mpaka kama saa saba mchana, kwa hiyo umati mzima, na mabegi yake ya mkononi, unajazana kwenye ukumbi mmoja wa chakula na kugombania meza. Sisi tulikwenda kwanza kituo cha kukusanyikia. Hili silisemi kwa ujanja wa kukwepa foleni, ingawa foleni hapakuwa nayo.

Kila chumba kina kituo chake, mahali ambapo watu wake watakusanyika ikitokea dharura. Zamani abiria wote waliitwa pamoja, wakasimama juani na majaketi ya kujiokolea shingoni. Tangu janga la Korona kampuni nyingi zimeligawa zoezi: unatazama maelekezo kwenye simu au runinga, kisha unakwenda mwenyewe kituoni, mhudumu anakuonesha jaketi linavyovaliwa, anaisoma kadi yako. Tii. Umehesabiwa tena. Unafundishwa mlio: honi fupi saba au zaidi, ikifuatiwa na moja ndefu. Mama aliomba ausikie mara mbili.

Watu hulichukulia kama kero, na mimi nilikuwa mmoja wao mpaka niliposoma jinsi kanuni hii ilivyopatikana. Jioni ya tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia ilitoka Civitavecchia, ile "Roma" niliyoitaja. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda siku ileile. Kanuni ya wakati huo iliruhusu mazoezi yafanyike ndani ya saa 24 baada ya kupanda, na yao yalipangwa kesho yake. Saa chache baada ya kung'oa nanga meli ikagonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, na watu 32 wakafa. Tangu tarehe 1 Januari 2015 mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unataka mazoezi yafanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Mkataba wenyewe ni mtoto wa Titanic: ulitiwa saini kwa mara ya kwanza 1914, miaka miwili baada ya meli ile kuzama. Na Titanic mpaka leo wanahistoria hawakubaliani walikuwamo watu wangapi hasa, hutaja takribani 2,200, kwa kuwa kuna waliokata tiketi wasipande na orodha hazikulingana. Sasa mkataba huohuo unaagiza watu wote wahesabiwe kabla meli haijaondoka.

Nilimsimulia mama haya tukiwa tumekaa sitahani na sahani zetu, mchana umeshatulia. Aliniuliza kama wale wenye viti vya bluu wameingia. Sikuwa na jibu.

Meli ilikuwa iondoke saa kumi na moja jioni. Mama alipolisikia tangazo alinigeukia polepole sana. "Saa ngapi wamesema?" Nikamjibu. "Basi hiyo kumi na moja ndiyo niliyoisoma mimi," alisema, na kwa siku saba zilizofuata sikuwahi kushinda hoja yoyote.

Kama saa kumi na robo tulikuwa tumeegemea reli upande wa gati. Daraja lilikuwa bado limeshikana na meli. Teksi ikaingia kwa kasi, wakatoka watu wawili na masanduku mawili ya rangi ya machungwa, wakakimbia kuelekea kwenye jengo. Kwa macho yetu walikuwa na muda tele: meli ipo, mlango uko wazi, dakika arobaini na tano zimebaki. Lakini kaunta ilifungwa saa tisa na nusu, na orodha ilikuwa imeshapelekwa kwa mamlaka. Marekani, kwa mfano, sheria inataka orodha ya wanaoondoka iwafikie maafisa wa mpakani si chini ya dakika 60 kabla ya meli kuondoka, na baada ya hapo jina jipya haliongezwi kwa sababu tu mwenye jina analia. Tuliwaona wakitoka tena. Yule mwanamke alikalia sanduku lake, hasa kama mama alivyokuwa amelikalia lake alfajiri, pengine mahali palepale. Mwanamume alibaki amesimama anaitazama meli. Daraja likaachia, rubani wa bandari akapanda, kamba zikatupwa majini moja baada ya nyingine.

Mama aliwapungia mkono. Sidhani walimwona.

Sanduku lake lilifika mlangoni saa mbili usiku, likiwa na utepe wa kuonesha limefunguliwa, na ndani yake kikaratasi: kifaa kimoja cha umeme kimehifadhiwa, kitarejeshwa siku ya mwisho, onesha risiti hii. Mama akaisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya leso pamoja na pasipoti. Kisha akatoa gauni la kesho, akalinyoosha kwa kiganja, akainua godoro akalitandaza chini yake, akalalia.